Linux Nyepesi Si Dawa ya Kompyuta Chakavu

Toleo la 16 la Tiny Core Linux lilipotoka mwaka 2025, likiwa na kerneli ya 6.12 na faili la kupakua la megabaiti 20 na ushee, walioshangilia waliimba wimbo tuliouzoea tangu enzi za Damn Small Linux: ile kompyuta iliyolala stoo sasa itaamka. Waliopuuza nao wana jibu lao la siku zote. Kompyuta iliyolala stoo iache ilale, nani ana muda nayo? Ukiwasikiliza utadhani wanapingana, kumbe wamekubaliana kwenye jambo la msingi. Wote wanauona mfumo wa aina hii kuwa dawa ya mashine zilizochoka na mifuko iliyotoboka. Mwenye kompyuta nzuri apite, hahusiki.

Hapa Dodoma maoni hayo yamekuwa kama sheria. Mwambie mkuu wa shule kwamba maabara yake ya kompyuta inaweza kuendeshwa kwa Linux ndogo, atakuangalia kama mtu anayetaka kumuuzia mtumba kwa bei ya dukani. Mwambie fundi, atakujibu hiyo ni ya wanafunzi wa pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, wanaopenda kuchezea skrini nyeusi. Ninachosema mimi ni kwamba wanaosifu na wanaobeza wote wameshika mizani, na uzito ni jambo dogo katika habari hii. Kubwa ni namna mfumo ulivyogawanywa. Mgawanyo huo unaifaa kompyuta nzima inayoshikwa na watu wengi kuliko unavyolifaa boksi la mwaka 2005.

Kwenye Windows ya kawaida, mfumo, programu na kazi za mtumiaji vinakaa pamoja kwenye diski moja. Ukiweka programu inatawanya vitu vyake huku na kule. Ukiiondoa inaacha mabaki. Tiny Core, iliyoanzishwa na Robert Shingledecker baada ya kutoka kwenye Damn Small Linux, inauvunja mchanganyiko huo vipande vitatu. Kiini ni faili mbili tu, kerneli na core.gz, na kompyuta ikiwaka zinasomwa zote na kuwekwa kwenye RAM. Programu za nyongeza ziko nje ya kiini. Kila moja imefungwa kwenye faili lake lenye mkia wa .tcz, linalosomeka lakini haliandikiki. Zinakaa kwenye folda inayoitwa tce, na humo kuna orodha ya maandishi ya kawaida, onboot.lst, inayotaja zipi zipandishwe mashine inapowaka. Ukitaka LibreOffice iwepo, jina lake linaandikwa kwenye orodha. Ukiufuta mstari huo, kesho haipo, wala haijaacha uzi. Kipande cha tatu ni kazi zako: ama unazihifadhi kwenye diski au flashi ya pembeni, ama unauagiza mfumo uzifungashe ndani ya faili moja, mydata.tgz, kabla ya kuzima.

Tiny Core haiko peke yake. Slax ya Tomáš Matějíček wa Czech ina moduli zenye mkia wa .sb, Porteus ina .xzm, na Puppy, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ina .sfs. Zinatofautiana kwa mengi, tena mashabiki wake hawapatani, lakini ni ukoo mmoja: kiini kimefungwa, nyongeza zinapachikwa juu yake, kazi za mtu zinakaa mbali na vyote viwili.

Aliyewahi kutafuta gesti Dodoma wakati wa Bunge la bajeti atanielewa haraka. Chumba ni kile kile, wageni wanapishana, na kila asubuhi shuka zinabadilishwa bila kuuliza aliyelala jana alikuwa nani. Unachotaka kibaki unakibeba au unakikabidhi mapokezi. Kompyuta nyingi za mashuleni na madukani kwetu ni vyumba ambavyo havijabadilishwa shuka tangu vifunguliwe.

Ingia kwenye steshenari yoyote iliyo karibu na chuo, msimu wa wanafunzi kukusanya ripoti za field. Kijana anatoa flashi, dada wa steshenari anaichomeka, na folda zote zimegeuka shortcut, kila moja ina kilobaiti moja au mbili. Dada hashtuki. Anafungua dirisha la amri, anaandika attrib na vialama vyake, mafaili yaliyofichwa yanarudi, ripoti inachapwa, kijana anaondoka anashukuru. Kirusi kimebaki kwenye kompyuta, na mteja anayefuata ataondoka nacho. Mambo yakizidi anaitwa fundi apige window upya. Fundi anapiga ile ile iliyokrakiwa aliyoipiga mara ya mwisho, kutoka kwenye flashi yake mwenyewe, pamoja na kiprogramu cha kuidanganya leseni ambacho hakuna ajuaye kimebeba nini tumboni. Kompyuta yenyewe inaweza kuwa nzuri tu, ina RAM ya gigabaiti 8, haina uzee wowote wa kutibiwa. Tatizo ni kwamba mikono mingi inaishika na kila mkono unaruhusiwa kuandika popote.

Hapo mpenzi wa Linux atadakia kusema Linux haipati virusi. Asiaminiwe. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani, na hivyo ni vifaa vinavyoendeshwa na Linux. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, kiprogramu cha kubana mafaili kinachotumika karibu kila mahali, na aliyeubaini, Andres Freund, aliubaini kwa sababu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kidogo kuliko kawaida. Kirusi cha shortcut hakifui dafu kwenye Linux kwa kuwa kiliandikiwa Windows. Hiyo ni bahati tu. Kinga ya mfumo wa moduli iko kwingine: chochote kilichoingia leo kimeingia kwenye RAM, na ukizima kimekwenda, mradi hukukifungasha pamoja na kazi zako au kukiacha kiiguse flashi uliyowashia.

Hilo la flashi ni la kweli, tena wachache hulisema. Mtumiaji wa kawaida wa Tiny Core, anayeitwa tc, anaruhusiwa kutumia mamlaka ya msimamizi bila neno la siri. Mtundu akikaa mbele ya mashine huku flashi bado imechomekwa, anaweza kuichezea. Lakini kuna njia ya kuliziba pengo hilo. Slax ina chaguo la kupandisha kila kitu kwenye RAM, na Tiny Core nayo inaweza kuagizwa inakili nyongeza zake zote humo humo. Mwalimu anaingia maabara na flashi moja, anawasha mashine ya kwanza, anasubiri ipande, anachomoa, anahamia ya pili. Akifika safu ya mwisho flashi iko mfukoni mwake na darasa linafanya kazi. Mwanafunzi akifuta kitu, akabadilisha lugha, akajaza skrini picha za mpira, kipindi kijacho kinaanza upya kama cha kwanza. Nani kati ya walimu wetu wa TEHAMA hatamani siku ya namna hiyo?

Na diski? Maabara hiyo haizihitaji hata kidogo. Kwa vumbi la nyanda hizi za kati na umeme unaokatika bila hodi, kompyuta za mezani mara nyingi huanza kufa diski au pawasapulai, wakati prosesa na RAM bado nzima. Diski ikifa, kompyuta inahesabiwa maiti na kupelekwa stoo. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tunaukumbuka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024 na hali ikatulia, ila nguzo ya mtaani ikianguka hakuna bwawa litakalokusaidia. Windows ikikatiwa umeme katikati ya kujisasisha, unaweza kuikuta asubuhi inajitengeneza bila kumaliza. Kiini kilichofungwa hakina cha kutengeneza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakiandikia. Lakini hapa kuna deni lake: kazi iliyokuwa kwenye RAM nayo imekwenda. Mwanafunzi aliyehifadhi insha yake kwenye folda ya nyumbani iliyo ndani ya RAM atalia kuliko mwenzake wa Windows. Shule inayotaka mfumo huu lazima imzoeshe kila mtoto kuhifadhi kwenye flashi yake au kwenye seva ya maabara tangu siku ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye uzito, maana wanaobeza wana haki kubwa hapo na sitaki kuwanyima. Sifa inayotajwa kila mara ni kwamba Tiny Core inaweza kuwaka kwenye RAM ya megabaiti 46 na prosesa ya 486. Ni kweli, na ni sifa isiyo na kazi. Ukiongeza kivinjari cha kisasa na LibreOffice, umeshapanda mamia ya megabaiti kabla hujafungua ukurasa mmoja, na kurasa zenyewe za siku hizi ni nzito kuliko mfumo. Damn Small Linux ya zamani ilijifunga isizidi megabaiti 50, itoshe kwenye sidii ndogo yenye umbo la kadi ya biashara. John Andrews alipoifufua mwaka 2024 aliweka ukomo mpya wa megabaiti 700, yaani sidii kamili, na hata hapo alikuwa anabana matumizi. Mashine ya biti 32 ndiyo imeachwa kabisa. Google iliacha kuitengenezea Chrome ya Linux mwaka 2016. Debian, ambayo Slax ya leo imejengwa juu yake, ilipotoa toleo la 13 mwaka 2025 haikuweka tena kerneli wala kisakinishi cha mashine hizo. Firefox nayo ikafuata, toleo la 144 likawa la mwisho kwenye Linux ya biti 32. Unaweza kuiamsha kompyuta ya mwaka 2005, ukaandika barua, ukacheza karata. Kufungua mfumo wowote wa mtandaoni itakuwa mateso. Iache ilale.

Tazama upande wa pili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Windows 11 inadai RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, kitunza siri cha TPM 2.0, na inakataa karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Maana yake, kompyuta ya ofisi ya mwaka 2015 yenye RAM ya gigabaiti 8, inayoshuka bandarini Dar kama used ya Ulaya na kupandishwa hadi Dodoma, imeitwa chakavu kwa tangazo. Haina kasoro. RAM hiyo ya gigabaiti 8 inameza mfumo mzima, kivinjari, LibreOffice na kamusi, na nafasi inabaki. Ukitaka kuuona mfumo wa moduli ukifanya kazi yake vizuri, uweke hapo. Mfumo unaoishi kwenye RAM unanufaika na RAM nyingi. Kuupeleka kwenye mashine yenye RAM kiduchu ni kuunyima chakula chake.

Ushahidi kwamba Linux ndogo hailazimiki kufungwa ndoa na vyuma vikuukuu upo kaskazini kidogo ya hapa. Wilayani Karatu, shirika la Powering Potential limefunga kwenye shule za sekondari maabara za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, pamoja na maktaba ya kidijitali ya RACHEL isiyohitaji intaneti. Hizo ni bodi mpya. Zinatumia Linux iliyowekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, hazina diski ya kuzunguka, na umeme zinaoukula ni mdogo hata paneli inazimudu. Kadi ikiharibika, nyingine inanakiliwa. Tiny Core yenyewe ina toleo la bodi hizo, linaloitwa piCore. Kutoka Karatu hadi Kondoa si safari ya kutisha, na jua la Chemba au Manyoni halina upungufu.

Pingamizi la watu wa ofisini ni zito zaidi: huu ni mji wa serikali, kazi za serikali zinataka Windows. Miaka 15 iliyopita ningenyamaza. Tangu serikali ilipohamia hapa kwa vitendo mwaka 2016, mambo yamebadilika kimyakimya, na aliyeyabadilisha ni serikali yenyewe. Malipo ya serikali yanapita kwenye mfumo wa GePG, mwananchi anapewa control namba na kwisha. Manunuzi ya umma yako kwenye NeST, iliyochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Mtumishi anayeomba likizo au kuangalia hati yake ya mshahara anaingia kwenye mfumo wa watumishi, ESS. Vyote hivyo vinafunguliwa kwenye kivinjari, na kivinjari hakiulizwi chini yake kuna nini. Mhasibu mwenye majedwali ya Excel yaliyojaa makro abaki na Windows yake. Aliyenunua skana ya alama za vidole ambayo dereva yake haipo kwenye Linux naye abaki. Lakini kompyuta ya mapokezi, ya maktaba, ya masjala inayoingiza barua, ya steshenari, ya zahanati inayosajili wagonjwa kwenye mfumo wa mtandaoni: hizo zinatumia kivinjari, kichapishi na kiandishi cha barua. Kuzifungia Windows iliyokrakiwa ndani ya ofisi kwa kisingizio kwamba kazi inaidai ni mazoea.

Kuhusu hoja kwamba mtoto atakosa ajira akijifunzia LibreOffice sitakaa sana. Waliokariri vitufe vya Word 2003 walilazimika kujifunza upya ilipokuja ya 2007. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilizindua Jambo OpenOffice yenye Kiswahili mwaka 2004. Jambo hili halijaletwa na mgeni jana.

Bando nalo lina hesabu yake. Faili la kusakinishia Windows 11 linazidi gigabaiti 5, na Linux Mint inakaribia 3. Ukiwa na kiini cha Tiny Core, unapakua nyongeza unazozihitaji tu pamoja na tegemezi zake. Ukishazipata, folda ya tce inanakiliwa kwenye flashi nyingine bila intaneti kabisa. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri mjini anaandaa, na shule za Mpwapwa na Bahi zinapokea mkononi. Kwa shule isiyo na intaneti hiyo ni faida kuliko ule udogo unaosifiwa.

Pamoja na hayo, kama shule ingeniuliza, nisingeanza na Tiny Core. Ni tupu mno. Wenye nayo hawakuficha kwamba wametoa msingi tu, ujenge mwenyewe, na anayeijaribu kwa laptop anaweza kukwama asubuhi ya kwanza: anahitaji nyongeza ya kuwasha Wi-Fi, na nyongeza hiyo iko mtandaoni. Ndiyo maana wakaweka CorePlus yenye vifaa hivyo ndani. Tena hifadhi ya nyongeza inakwenda na namba ya toleo. Kila toleo kubwa likitoka, programu uliyoizoea kwenye lililopita inaweza kuwa haijafungashwa tena, kwa sababu wanaofungasha ni wachache na wanajitolea. Kukimbilia toleo jipya siku linapotoka ni ushabiki. Slax ingenifaa zaidi: imejengwa juu ya Debian, programu zinavutwa kwa apt kama Debian yenyewe, kisha mabadiliko yako yanafungwa kuwa moduli mpya kwa amri moja ya savechanges. Mwalimu akishapanga mashine moja anavyotaka, amepanga zote.

Swali linalobaki ni la fundi, na ndilo pingamizi pekee ambalo sijaona likijibiwa kwa maneno. Mafundi wa mjini wanajua kupiga window. Maelekezo ya mifumo hii karibu yote ni ya Kiingereza. Na mwalimu aliyeipenda akihamishwa, flashi inapotea na maabara inarudi ilikotoka. UDOM ina ndaki nzima ya kompyuta, CIVE, na wanafunzi wake wanatafuta kila mwaka mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wawili kati yao wakikaa kwenye sekondari moja muda wote wa mafunzo wanatosha kuandaa flashi mama, kuandika ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili na kumfundisha mwalimu pamoja na wanafunzi wake wanne au watano. Nakala moja ikae kwa mwalimu, ya pili kabatini kwa mkuu wa shule, zote zimeandikwa tarehe zilipotengenezwa. Kivinjari kisasishwe kila likizo, maana hicho hakisubiri. Na printa ijaribiwe wanafunzi hao wangali hapo, kwa sababu printa ndiyo itakayowaumbua.